Wosia wa Bibi Ng'washi na Saini Nne

Mpendwa mshauri, nakusalimu Kisukuma: mwangaluka. Naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayesaidia watu, maana hapa Mkula hakuna mwenye mwandiko wa kunizidi, na shule niliishia kidato cha pili kwa sababu walimu walishaishiwa cha kunifundisha. Ndiyo maana bibi yangu Ng'washi aliniita mimi, wala hakumwita baba mdogo Shigela na suruali zake za kupigwa pasi, akasema, "Mume wangu, lete kalamu, nataka kuupanga uzee kabla haujanipanga." Mshauri, yule bibi hajui hata herufi moja lakini kichwa chake ni ofisi nzima: akiugua liuzwe lile dume jekundu, mtu asipitishe daftari la michango, hela ya pamba iliyoko benki Bariadi ni ya chakula na matibabu yake tu, ng'ombe wengine wagawane wanawe wa kiume, na nyumba abaki nayo shangazi Felisita, aliyeachika akarudi nyumbani, na ndiye anayemtunza. Nikamtania, "Bibi, mbona unapanga kama unahama?" Akanijibu, "Nahama ndiyo, ila siyo kesho. Andika, meno utayaonyesha baadaye!"

Akaweka dole gumba, akanituma nikawaite mashahidi wanne wanaojua kusoma, wawili wa ukoo na wawili wa nje, kama alivyosikia kwenye mkutano wa msaada wa kisheria. Sasa karatasi kaifungia sandukuni, analala usingizi mnono, shangazi kaezeka jiko jipya, na baba mdogo kaanza kusema mwanamke aliyeachika hana nyumba kwenye ukoo.

Mshauri, mashahidi sikuwaita. Niliogopa wazee watasema namtabiria bibi kifo, nikakaa nyuma ya zizi nikatia saini zote nne mwenyewe kwa majina yao, kila moja na mwandiko wake, nikamrudishia bibi nikimwambia wamesaini huko huko makwao.

Maduhu, Mkula

JIBU

Maduhu, mwandiko wako ni mzuri, na ndio utakaomtoa shangazi yako nje. Siku Shigela akienda mahakamani, hao wanne wataulizwa, watasema hawajui lolote, na karatasi itaanguka pamoja na Felisita. Tena kughushi saini ni jinai, siyo kipaji.

Bibi yako nimemvulia kofia. Wapo wenye digrii wanaokufa bila kuacha hata mstari mmoja. Yeye alifikiria kila kitu, akakosea kukuamini wewe tu.

Mwambie leo, Felisita akiwepo, na usilete utani. Karatasi hiyo aichane mwenyewe. Kisha mpeleke kwa msaidizi wa kisheria, iandikwe upya, na mashahidi wawe watu wasiorithi chochote. Wewe usiwemo. Wazee wa ukoo awaite yeye kwa mdomo wake. Nani atasema unamtabiria kifo wakati mwenyewe ndiye anayewapakulia ugali? Nakala moja ikatunzwe nje ya nyumba hiyo.

Unaogopa atakasirika? Atakasirika sana. Ila leo bado yupo wa kukasirika. Nenda.