Maua ya Mama Yamefungiwa Ndani ya Simu

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada, ila kwanza natangaza rasmi mbele ya wasomaji wako wote, wa bara na wa pwani, kwamba tangu Jumatatu iliyopita saa nne asubuhi mimi Sabiha wa Mwera, Pangani, sikibonyezi kitufe cha "Nakubali", nimekigomea, na simu nimeifunika kwa sahani.

Kazi yangu ni kuchora kofia. Mshonaji wa kofia za mkono huja kwangu na kitambaa, nami namchorea maua, yeye anakwenda kutoboa matundu na kuyazungushia uzi, na maua hayo si ya kuokota, ni sitini na matatu aliyoniachia marehemu mama kwenye karatasi, na kwetu mtu atakupa chumvi, atakupa hata mtoto umlee, lakini karatasi ya maua hakupi. Sasa wifi yangu Shamsiya naye ni mchoraji, na kila akija kunisalimia macho yapo kabatini, nikaona bora niyahamishie maua yote kwenye simu, nikachagua programu iitwayo Nakshi Bora kwa sababu ukijaribu kuipiga picha skrini inakuwa nyeusi, na mchoro hautoki kwenda programu nyingine hata ufanye nini, unautazama tu na kuchora kwa mkono, nikasema hii ndiyo yenyewe, nikayaingiza kwa miezi minne, nilipomaliza karatasi za mama nikazichoma jikoni, Shamsiya yuko ukumbini ananusa moshi.

Kulikuwa na programu ya pili, Kichoro, ya vijana wawili wa Ngamiani, Yazid na Mathew, nyepesi, ya Kiswahili, na ukichoka nayo ilikuachia uondoke na michoro yako. Nakshi Bora wakainunua, na wiki ya pili wakaifuta. Ndipo Jumatatu wakaleta masharti mapya: ukikubali, michoro yako yote inaingia kwenye maktaba yao, kila mwenye programu aitazame na kuinakili; usipokubali, hufunguliwi. Nikawapigia simu.

"Mama, hayo ni maboresho," kijana akaniambia.

"Maboresho ya nani? Maua ni ya mama yangu."

"Unayo hiari, mama."

"Hiari ya wapi, na ile nyingine mmeifuta?"

Akanishukuru kwa kupiga simu.

Shamsiya kasikia, kaja mbio. "Pole, wifi. Sasa utawachorea nini watu, mistari?"

Nikubali, maua ya mama yawe ya kila mtu, au nikatae nisiyaone tena maishani? Idi imekaribia na wateja wamejaa barazani.

Sabiha, Mwera

Marahaba, Bi Sabiha. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza nikiwakasirikia wao, halafu nikikukasirikia wewe.

Tuanze na wao. Mtu anayenunua duka la jirani ili alifunge, kisha anakuambia una hiari, anakudhihaki mchana kweupe. Wale vijana wa Kichoro hawakuwashinda kwa ubora wala kwa bei. Waliona wateja wanaweza kuhama, wakaenda kuiziba njia ya kuhamia. Na kuyashikilia maua ya marehemu mpaka utie sahihi ni utekaji, hata kama wameuandika kwa "tafadhali" na "mteja wetu mpendwa". Hapo hasira yako ni halali na yangu naiongeza juu.

Sasa wewe. Uliambiwa kabisa kwamba mchoro ukiingia hautoki, na ukafurahi! Ulikuwa unatafuta kufuli ya kumzuia wifi yako, hukuuliza ufunguo utabaki kwa nani. Na zile karatasi, mwanangu, ulizichomea nini? Kabati lilikukosea wapi?

Kitufe hicho usikibonyeze, kwa sababu ukishakubali huna pa kurudi. Waandikie barua, si simu, udai michoro yako kwa namna inayofunguka kwenye programu yoyote, na nakala uipeleke Tume ya Ushindani ukieleza Kichoro ilivyonunuliwa na kufutwa. Usiandike peke yako. Wachoraji wote wa Pangani waliofungiwa watie majina kwenye barua hiyohiyo. Ndiyo, Shamsiya pia, kama naye yumo. Usinune. Malalamiko ya mtu mmoja wanayaita usumbufu, ya watu thelathini wanayaitia mwanasheria. Yazid na Mathew nao watafute, uwaulize kama mkataba wa mauzo unawaruhusu kutengeneza nyingine. Ikipatikana, yao au ya yeyote, kabla hujaingiza ua zima ingiza jani moja, kisha jaribu kulitoa. Likigoma, aga uondoke.

Na kwa kuwa Idi haingoji tume, kesho asubuhi pita kwa wateja wako wa zamani, azima kofia zilizoshonwa kwa maua ya mama yako, weka karatasi juu, pitisha penseli. Kofia kwa kofia utayapata, pengine yote sitini na matatu, bila kumwomba mtu ruhusa wala kukubali sharti.

Utaniuliza, je, na siri ya maua itakuwaje? Bi Sabiha, hotuba ya Ijumaa huchukua nusu saa, na aliyekaa safu ya nyuma hana kingine cha kutazama ila kofia ya aliye mbele yake.