Wageni Hawatajua

Baba mpendwa,

Mko salama huko Sori? Mgongo wa Mama umepoa, au bado anainuka kwa kushika ukuta? Na Dani, mama yako, anakula? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia. Ningepiga simu, lakini kila nikijaribu nakata kabla hujapokea. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, ili uisome mbele ya kamati ya wavuvi hapo bichi, maana wafanyabiashara wengine hapo hawaelewi Dholuo.

Unajua huku Samburu natandika vitanda katika kambi ya watalii. Kambi iko kando ya mto, ndani ya ardhi ambayo Wasamburu wenyewe waliitenga kwa ajili ya wanyama. Walipoitoa, waliahidiwa kwamba ukame ukizidi ng'ombe wao wataruhusiwa kuja kunywa. Ukame umezidi, Baba. Lakini meneja alisema wageni hawakutoka mbali kote huko kuja kuangalia ng'ombe, na renja wanaolinda wanyama wakaambiwa wawafukuze.

Rafiki yangu huku ni Naisula, mama wa makamo anayefua mashuka. Ndiye aliyenipokea nilipofika nisijue mtu. Wiki iliyopita mume wake, Lemeria, aliingiza ng'ombe mtoni kukipambazuka kwa sababu walikuwa wameanza kuanguka. Renja wakamkuta. Akakimbilia kichakani kujificha, na humo kichakani kulikuwa na ndovu na mtoto wake.

Tulisikia ukelele tukiwa kwenye kamba za nguo. Naisula alikuwa ameshika shuka. Aliliachia likaanguka mchangani, akaanza kutembea kuelekea mtoni kabla mtu hajamwambia lolote. Lemeria alirudishwa kwa gari la renja, amefunikwa turubai. Meneja alituomba tusilie kwa sauti, kwani wageni walikuwa mezani wanakunywa chai.

Kesho yake wageni wengine walikuwa wanakuja. Akina mama wa kijijini ambao huwaimbia langoni walikataa. Wote walikuwa kwa Naisula. Meneja akaniita stoo. Juu ya meza kulikuwa na shanga za Kisamburu.

"Vaa hizi, wewe na wasichana wa jikoni. Ni wimbo mmoja tu."

"Bosi, mimi ni Mjaluo."

"Wageni hawatajua."

"Naisula atajua."

Akazisogeza shanga karibu yangu. "Wanaoitaka kazi yako ni wengi, Akinyi."

Niliziacha shanga pale pale nikaenda msibani. Wasichana wawili walivaa. Siwalaumu, wana watoto. Tukiwa tumekaa na Naisula tuliusikia wimbo ukitoka langoni. Renja mmoja, mtoto wa dada yake Lemeria, alikuja amevua sare. Hakuna aliyempa mahali pa kukaa. Alisimama nje mpaka jua lilipotua, akaondoka. Jioni hiyo nikaambiwa nifungashe vitu vyangu.

Sasa ndugu yangu Ochieng ananiambia kuna watu wamefika hapo bichi, wanataka ufuo wote uachiwe ndege wa ziwani na hoteli, na wewe ndiwe utakayesema kwanza kwenye baraza. Anasema wana maneno matamu. Baba, hata huku walikuja na maneno matamu. Mimi binti yako siwezi kukuamulia. Lakini waulize, watu wote wakisikia, mwaka wa shida ukifika ni nani atakayekuwa na neno la mwisho. Wasipokujibu, kaa chini, usiseme jambo lingine.

Msalimie Mama na Dani. Msalimie Ochieng, na umwambie asiikimbilie ile kazi ya uaskari ambayo watu hao wamemwahidi. Mama mdogo anayekaa Rodi Kopany umweleze wewe mwenyewe kwamba nimefukuzwa kazi, asije akayasikia sokoni. Nitakuwa nyumbani kabla ya baraza, Mungu akipenda.

Leo Naisula amenisindikiza hadi barabarani, amenibebea begi. Njiani akaniuliza kama kwetu kuna maji. Nikamwambia kuna ziwa, huoni mwisho wake.

"Na ng'ombe wenu wanaruhusiwa kunywa?"

"Ndiyo."

"Nani anawaruhusu?"

Nikalipokea begi langu, Baba. Sijawahi kufikiri kwamba lazima awepo mtu wa kuruhusu.

Ni mimi mwanao,
Akinyi