Nota Tatu za Mama

Mama yangu uliyetangulia,

Tangu asubuhi nakaa na kusimama hapa Garsen. Chai imepoa, fidla iko kitandani, siigusi wala siiachi. Jumapili kanisa letu la Wenje linakukumbuka, nami nimeombwa nipige kile kipande chetu kifupi cha fidla na piano. Ni dakika nne tu, lakini zimeninyima raha wiki nzima.

Unakumbuka mto ulipofurika ukaingia kanisani? Tulihamia mwinuko na mikeka na kuku, piano tukaiacha juu ya matofali. Maji yaliposhuka, vibonye vitatu vya katikati vilikuwa vimekufa. Na vilikuwa vile vile vya ukurasa wa pili wa kipande chetu, ambacho tulikuwa bado hatujakipiga pamoja, pale fidla inaponyamaza na piano kujibu peke yake kwa nota tatu. Ulicheka. "Nipigie wewe hapo pangu, mwanangu, mpaka fundi aje."

Fundi hakuja. Akipata nafasi, barabara imekatika. Barabara ikikauka, yeye kasafiri. Basi nikakupigia miaka na miaka. Hata watoto waliokuwa wakifukuza ndege kwenye mpunga walikipiga kipande hicho kwa miluzi hivyo hivyo, na Wenje nzima ikaamini ndivyo kilivyoandikwa.

Jana nilifanya mazoezi na Mwalimu Komora, kijana anayefundisha muziki hapa, atakayepiga piano Jumapili. Kinanda tutakachokwenda nacho ni chake, cha umeme, hakina kibonye kibovu. Tulipofika pale kwenye nota tatu tukagongana. Tukarudia, tukagongana tena.

"Dada, hapo ni pangu," akasema. "Wewe nyamaza tu."

Mama, nilimfokea! Nikamwambia hapo ni pa mama yangu, yeye kapewa na nani? Aliduwaa, maskini, nami nikaona haya nikamwomba radhi. Kusema kweli niliogopa. Nilihisi nikiziacha nota zile, ndiyo nimekuacha wewe.

Tukaanza upya. Nikashusha upinde, nikauma midomo. Akazipiga polepole, chini chini, kama ulivyokuwa ukituamsha kwenda shule. Mimi siku zote nilizipiga kwa nguvu, mbio mbio, kwa kiherehere changu. Nilipoitazama ile karatasi yako ya zamani, nikaona juu ya nota hizo umeandika kwa penseli: "taratibu". Hukuniambia hata siku moja. Ulinifuata tu nilivyokwenda.

Bado sijatulia. Najua Jumapili watu wa Wenje watatazamana, watadhani nimesahau pa kupiga. Acha wadhani. Nilikushikia zamu yako, Mama, nikaizoea mpaka nikaiona yangu. Tukifika pale nitashusha upinde ninyamaze, na kwa mara ya kwanza nitakusikia.

Wako, yule yule mwenye haraka,
Binti yako