Rangi ya Geti Kwenye Pinboli

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefuta vumbi kwenye pinboli, ile mashine ya mchezo wa klabuni, kama kila Jumatatu. Kioo kwanza, kisha miguu. Balbu mbili zimeungua. Kipigio cha kushoto, kile cha kurudisha mpira juu, ni kizito; mpira wa chuma unakipita.

Zuhura amepiga simu kutoka Kitale. Ananunua na kuuza vitu vya kale: redio, saa za ukutani, gramafoni. Atakuja hapa Bungoma Ijumaa kuiona. Nimefurahi kupita kiasi.

Nimemwambia Mama Wafula, mke wangu. Amejibu anavyojibu miaka yote: "Ehe, Mwalimu. Imezaa?"

Ana haki. Klabu moja ya Kitale ilipofungwa na kuuza vyombo vyake, nilimuuza ng'ombe wake sokoni Chwele ili niinunue pinboli hii. Nikamwambia mashine hii itazaa kuliko ng'ombe. Tangu hapo tunanunua maziwa. Ikipata bei nzuri, namrudishia ng'ombe. Isipopata, nilimdanganya.

Jumanne, 5 Agosti
Je, mashine hizi hupanda bei? Swali hili nalijibu kama ningelijibu darasani. Si zote. Kwanza hushuka, maana zimechakaa na hakuna anayezitaka. Nyingi hutupwa. Zikibaki chache, waliozicheza ujanani huanza kuzitafuta. Lakini watu hao nao wanazeeka, na sina hakika wajukuu wao watazitaka. Kwa hiyo afadhali kuuza sasa.

Jambo la pili: ibaki ilivyotoka kiwandani. Picha ya kioo, michoro ya ubavuni. Mkwaruzo husamehewa. Marekebisho hayasamehewi.

Alhamisi, 7 Agosti
Nilikwenda Kitale kutafuta balbu. Nimerudi saa kumi. Harufu ya rangi tangu mlangoni.

Mama Wafula ameupaka rangi ubavu wote wa kushoto wa pinboli. Kijani. Ile iliyobaki tulipopaka geti. Nyota tatu nyekundu za kiwandani zimezama chini yake. Jiko la nje pia amelisiriba upya, kama tunavyofanya mgeni akitarajiwa.

"Si mgeni anakuja kesho? Ati aikute imechubuka hivyo, aseme hatuna adabu?"

Nilitoka nje. Nilikasirika sana. Kisha nikaona aibu. Miaka yote hii nimemweleza kupatwa kwa mwezi, umeme, mbolea, hata asipouliza. Hili moja sikumweleza. Nililiandika humu tu, juzi, nikajiona nimefundisha.

Nimemweleza sasa. Hakula.

Ijumaa, 8 Agosti
Zuhura amefika saa nne. Amekunywa chai, ameizunguka mashine, amecheka hadi akaketi.

"Mama, hii mlipeleka kwa fundi wa geti?"

Mke wangu akacheka pia, kidogo. Nilishukuru.

Zuhura amecheza mara tatu. Kioo kizima, ndani hakuna kilichobadilishwa. Bila kijani angetoa bei ya mtamba mzuri. Ilivyo, nusu.

"Mwalimu, hii si shamba, ati inapanda tu ikikaa. Mteja wangu akiona hii rangi atahepa, bana."

Ametupa muda hadi mwisho wa mwezi. Nyota zikirudi, bei kamili.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimefikiri. Rangi ya geti ina siku mbili, bado laini. Ya kiwandani imekuwa ikikauka tangu nikiwa kijana, ni ngumu. Kwa hiyo kitu hafifu kitatoa moja na kuiacha nyingine. Tapentaini kidogo, kitambaa cha pamba, bila kusugua.

Nimejaribu chini, pasipoonekana. Kijani kimetoka. Na wekundu kidogo. Nimebonyeza mno. Mkono wangu ni mzito siku hizi. Nimeacha. Naogopa.

Jumatatu, 11 Agosti
Leo sikufuta vumbi. Mama Wafula alinikuta nimeshika kitambaa, sijaanza. Akakichukua.

"Wewe eleza. Mimi napangusa."

Nimeeleza. Amenisikiliza neno kwa neno, kisha akanyamazisha maelezo yangu kwa kiganja. Mkono wake mwepesi. Anagusa, anangoja, anainua. Eneo la kiganja kimoja, basi, tunapumzika. Kitambaa kijani kabisa. Hakuna wekundu.

Alhamisi, 14 Agosti
Ncha mbili za nyota zimetokea. Mgongo unamuuma. Amekataa kupumzika.

Jumapili, 17 Agosti
Tumetoka kanisani mapema. Mvua.

Nyota ya kwanza imetoka nzima. Nyekundu, na mkwaruzo wake uleule wa zamani. Zimebaki mbili, na wiki mbili. Zinatosha.

Mama Wafula alikunja kitambaa, akaitazama mashine.

"Imeshika mimba," akasema.

Kisha akauliza kama banda la ng'ombe linavuja. Sikujua. Nimechukua mwavuli, nimekwenda kuangalia. Linavuja mahali pamoja tu.