Turubai la Msiba Kwenye Harusi Yangu

Mpendwa mshauri,

Nipe sikio lako, naomba msaada, na usichoke kunisoma hata nikizunguka, maana mimi si mtu wa kalamu, mimi ni mpiga pasi, nanyoosha mashuka ya hospitali kwenye dobi moja hapa mjini, na mpiga pasi hana muda wa maneno mengi, lakini hili jambo limenifika hapa shingoni na nisipolitoa nitakuja kuunguza shuka la watu.

Naolewa mwezi ujao, namshukuru Mungu. Mchumba wangu ni fundi wa mafriji, mpole, mcheshi, hana makuu, na harusi yetu itafanyika uwanjani na itakuwa kubwa, si kwamba tuna uwezo, la, mifuko yetu sote wawili ukiikung'uta haitoki hata vumbi, ila sijui nimwache nani. Mama yangu alipofariki nilikuwa na wadogo zangu wawili na sikujua hata jeneza linanunuliwa wapi, na mtaa mzima ukaja, mshauri, mtaa mzima, mtu analeta kuni, mwingine maji, mwingine kakaa tu na wadogo zangu akiwapigia hadithi hadi wakasinzia, na siku ile ile nikasema moyoni, hawa wote siku nikipata furaha nitawaita, asibaki hata mmoja.

Basi tangu nitangaze harusi watu wamenibeba mgongoni. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi katupa uwanja bure kwa sharti moja tu, gari lisikanyage bustani ya mboga ya darasa la nne. Jirani mwenye mashine kasema unga wetu wote atausaga yeye. Bosi wangu, ambaye kwa ubahili angeweza kukikodisha hata kivuli chake, kaniazima vitambaa vyeupe vya meza, na wenzangu kazini wanavipiga pasi wakati wa mapumziko huku wakinitania kwamba mwali mwenyewe ndiye aliyesinyaa, vitambaa vimenyooka. Nacheka na kulia kwa pamoja. Sijui nimefanya jema gani duniani hadi nipendwe hivi.

Sasa tatizo. Mtaani kwetu tuna chama cha kufa na kuzikana, mama alikuwa mwanachama na mimi nimeirithi nafasi yake, kila msiba ukitokea niko upande wa kuosha vyombo. Kila mtaa una cha kujivunia, sisi tuna maturubai, makubwa, ya buluu, yana maandishi meupe ubavuni ya jina la chama. Mwenyekiti wetu anashona sare za shule, sote tunamwita Mama Sare, na siku moja jioni alikuja nyumbani na wanachama wenzake wamevaa nadhifu utadhani wanakuja kuposa, wakakaa, akaniambia, "Mwanangu, tangu tuyanunue haya maturubai yamesikia vilio tu. Hayajasimama kwa jambo la heri hata siku moja. Tunaomba yasimame kwako." Mshauri, hebu fikiria, wananipa msaada halafu wao ndio wanaoniomba! Nikalia, nikamshika mkono nikamwambia, asanteni, asanteni sana, yatasimama.

Baada ya hapo nikaenda kwa mama mkwe wangu mtarajiwa kumpelekea habari njema. Huyu mama si mtu mbaya, naomba nieleweke, ananiita mwanangu, kanigawia na sufuria zake nzuri kabla hata sijaingia kwake. Alikuwa ananicheka jinsi ninavyoinama kama niko mbele ya meza ya pasi, tunakunywa chai, akaniuliza maturubai mnatoa wapi, nikamwambia kwa furaha zote kwamba tumepewa na chama. Akatua kikombe.

"Yale ya buluu?"

"Ndiyo, mama."

"Hayo hayatasimama kwenye harusi ya mwanangu. Mimi chini ya hayo sikai."

Akainuka akaenda jikoni akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Na mimi badala ya kuuliza, mdomo ukaniponyoka, nikamwambia, sawa mama, usijali, tutakodi mengine. Tutakodi na nini? Nilivyomwelewa mimi anaogopa ndugu zake watatucheka kwamba tumefungia ndoa kwenye mahema ya matanga, au labda anaamini ni mkosi, wakubwa wetu wengine ndivyo walivyo.

Kwa hiyo sasa nimesema ndiyo kwa chama na ndiyo kwa mama mkwe, na ndiyo hizi mbili haziwezi kukaa uwanja mmoja. Na chama hakijalala. Juzi nimepita uwanjani nikawakuta wameyatandaza maturubai yote kwenye nyasi wanayasugua kwa brashi na sabuni, Mama Sare kapiga magoti anaziba tundu kwa uzi wa sare, wananipungia mikono, wanaimba, na mimi nawapungia huku nikiharakisha hatua.

Mwenzangu mmoja wa kazini kanishauri nishone shiti nyeupe kwa ndani na nyingine nizibe maandishi kwa nje, mama mkwe hatajua. Nilipomwambia mchumba wangu hakunigombeza, alisema tu, "Mama yangu atalitambua turubai lile hata ukilivisha shela," kisha akarudi kwenye friji lake na hajalizungumza tena.

Na lingine ambalo nilitaka usilikose, mimi na mchumba wangu tulijuana chini ya turubai hilo hilo. Mwaka juzi chama chetu kiliwaazima turubai watu wa mtaa wa pili, yeye alikuwa amefiwa na baba yake, mimi nikiwa kwenye beseni la vyombo akaja na trei ya vikombe akaniambia, "Dada, umechoka, niachie nioshe." Nikamwambia mfiwa haoshi vyombo, kaka, nenda kakae. Akakaa, lakini hapo hapo pembeni ya beseni! Ndiyo maana turubai lile kwangu ni baraka, nilitamani sana tufungie ndoa pale pale Mungu alipotukutanisha.

Nikiwarudishia chama maturubai yao nitakuwa nimewatukana watu waliomsitiri mama yangu. Nikiyasimamisha, mama mkwe hatakaa, na harusi ambayo mama wa bwana harusi kakataa kukaa ni harusi gani? Mimi mama yangu sinaye, huyu ndiye mama pekee atakayekuwepo. Nishone shiti? Au mchumba wangu ndiye amlainishe mama yake? Nishauri kama mwanao, sitaki kumpoteza hata mmoja.

Ni mimi,
Bibi Harusi wa Ndiyo Mbili

*

Bibi Harusi wa Ndiyo Mbili,

Hongera, mwanangu. Nimeisoma barua yako nikiwa na chai mkononi na chai imepoa. Kila wiki napokea barua za watu waliochoka na majirani zao, leo nimepata ya mtu anayepitiwa na usingizi akiwahesabu majirani wema. Nikushukuru kwa hilo, umenipa siku njema.

Sasa lete sikio nilivute. Shiti usishone. Upepo wa uwanjani utaifunua kabla hujafika hata kwenye kiti, na wageni wote watasoma jina la chama huku mama mkwe wako akikutazama wewe. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako imefika mwisho. Huyo mwenzako wa kazini ana nia nzuri, ila mwambie ashughulike na mashuka.

Na mchumba wako usimtume kwa mama yake. Kwanza, maneno ni yako, wewe ndiye uliyeyasema. Pili, kijana wa watu amenyamaza kwa sababu yeye anajua kitu ambacho wewe umekiandika kwa mkono wako mwenyewe na hujakiona.

Rudi kwenye barua yako, kule mwisho, mahali unaposimulia mlivyojuana. Umeeleza beseni, umeeleza trei, umeeleza jinsi alivyokaa pembeni yako, na nimetabasamu kweli. Lakini aliyefariki siku ile alikuwa baba yake. Alikuwa na mke. Yule mke alikaa wapi? Alikaa chini ya turubai hilo la buluu, akalia, na wakamtoa mumewe akiona. Huyo ndiye mama mkwe wako. Umempita kama gari linaloruka kituo.

Wewe ukitazama turubai lile unamwona kijana na vikombe. Yeye akilitazama anaona jeneza. Nalo ni turubai moja, binti yangu. Najua na wewe umezika chini yake, lakini wewe lilikuchukulia mama na baadaye likakuletea mume. Yeye lilimchukulia tu. Na unasema anaogopa kuchekwa na ndugu? Mtu anayeogopa kuchekwa angekupigia kelele, angekutajia nani atasema nini. Huyu aliinuka akaenda kuosha vikombe visafi. Alikuwa anaficha machozi, na wewe ukiwa umekaa sebuleni unatafuta uongo wa kumpoza.

Sikugombezi kwa ubaya. Nakuona ulivyo. Una shukrani nyingi hadi zimekuwa woga, unaogopa kumkwaza yeyote aliyekutendea wema, basi ukawadanganya wote kwa mpigo mmoja. Mtu unayemshukuru kweli humwambia ukweli. Anakustahimili, ndiyo maana alikusaidia.

Haya, fanya hivi. Leo ukitoka kazini nenda kwa mama mkwe, peke yako, bila mchumba wala mshenga wala mfuko wa sukari wa kumlainisha. Mwambie, "Mama, nilikudanganya, hatujakodi na hatuna uwezo wa kukodi." Halafu mwombe radhi kwamba hukumuuliza. Halafu mwombe akusimulie habari za mumewe. Wewe unaolewa kwenye nyumba ya mzee yule na hujaniandikia hata neno moja juu yake. Akianza kusimulia, nyamaza. Akilia, kaa. Usiseme lolote kuhusu maturubai, usimbembeleze, usimwambie yamesafishwa. Huendi kushinda kesi.

Kesho yake nenda kwa Mama Sare, mweleze yote, na uongo wako usiupunguze. Unaogopa ataona umemtukana? Mwanamke anayeongoza chama cha kuzikana ameshawashika wajane wangapi mikono? Atamwelewa mama mkwe wako kabla hujamaliza sentensi, na sitashangaa akivua mkanda wa kupimia shingoni akaenda kumjulia hali mwenyewe. Mpishe aende. Wakubwa wana mazungumzo yao.

Pengine mama mkwe atasema yasimame. Mungu akijalia iwe hivyo, iwe kwa kutaka kwake, na umwombe yeye achague pa kukaa. Asiposema, usinune. Fungeni ndoa asubuhi mapema, jua likiwa bado na adabu, wageni wazee wakae kwenye kivuli cha baraza za madarasa na vijana wasimame, hawatavunjika. Maturubai ya buluu yasimamishwe upande wa pili wa uwanja, juu ya majiko na vyombo, wasikae wafiwa chini yake siku hiyo, vikae vyakula. Yatakuwa yamesimama kwa heri kama Mama Sare alivyoomba, na mama mkwe wako hatalazimika kukaa chini yake. Ila hili usilitangulize. Kwanza msikilize mtu, ndipo upange viti.

Kuhusu mfuko kutotoka vumbi, usikose usingizi. Watu wengi na fedha kidogo vinapatana, kinachogombana na fedha kidogo ni makuu. Chakula kiwe cha aina moja na kitoshe, kila mtu apate kiti au kivuli na maji ya kunywa, na muziki wapige vijana wa mtaani wanaokupenda. Hakuna atakayekwenda nyumbani akilalamika kwamba meza haikuwa na maua. Na mkutano wa maandalizi usiwe na watu zaidi ya wanne, wapishi wengi mchuzi huharibika, hata kama wote ni majirani wema. Bustani ya darasa la nne iwekeeni kamba, mtoto akikuta mboga zake zimekanyagwa hatasahau.

Limebaki moja na hili nakuamuru. Siku hiyo mwanachama yeyote wa chama asiguse sufuria. Ukiwaachia watakimbilia majikoni, ndiyo mahali wanapojua kukaa kwenye shughuli za wenzao. Wakatalie. Wenzako wa dobi na mafundi wenzake bwana harusi ndio wapakue na kuosha, na Mama Sare na watu wake wavae vizuri na wakae mstari wa mbele kabisa, pamoja na mama mkwe wako. Hawa watu wamekuzoea ukilia, mwanangu. Wakalishe wakuone ukicheka.