Nani Aliyevimbisha Miguu ya Mwanangu?

Jumamosi. Mvua imeshika mtaa wetu wa Kadutu tangu asubuhi, na leo simwamini mtu yeyote katika nyumba hii, hata mimi mwenyewe.

Mwanangu Ashuza alizaliwa miguu imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Papa, baba yangu, ameshatoa hukumu: ni karuho, ile sumu inayoogopwa sana hapa kwetu, na aliyeitia ni tante Nsimire, mdogo wa marehemu mama yangu, aliyekuja kunipikia nikiwa na mimba.

"Ule mwanamuke aliweka kitu mu chakula," alisema asubuhi, tante akisikia. "Kesho arudie kwao Sange."

Tante hakulia. Aliniangalia mimi. "Nilikupikia majani ya sombe tu, binti yangu."

Nakiri hapa: wiki nzima nimekuwa nikimwaga chakula chake kisirisiri.

Lakini kuna samaki wananisumbua.

Kabla sijajifungua, profesa wetu wa biolojia chuoni alituonyesha filamu ya kiinitete cha samaki mdogo mwenye milia, mwili wake ni angavu, unamwona hadi ndani. Seli zinachomoka kwenye mshipa mkubwa wa damu na kusafiri, zikifuata vichocheo vya ukuaji kama mtoto anavyofuata harufu ya maandazi ya beignet hadi jikoni. Zinakofika zinajenga mishipa ya limfu, ile inayorudisha kwenye damu maji yaliyovuja mwilini. Samaki akirithi kipokezi kibovu cha vichocheo hivyo, seli zake hazinusi kitu, hazitoki. Maji yanajaa, samaki anavimba.

Hakuna aliyewalisha samaki wale sumu.

Profesa alisema hata binadamu hupatwa na hali hii, miguuni, tangu kuzaliwa, na hupita katika ukoo. Mwingine huvimba, mwingine hurukwa. Basi nikaanza kuwapitia ndugu zangu kichwani, nikakwama kwa Papa. Sijawahi kuona miguu yake. Hata kwenye joto la bondeni Kamanyola havui soksi.

Mchana nikamlaza Ashuza uchi karibu na Papa kwenye kochi, makusudi. Papa aliitazama ile miguu midogo kwa muda mrefu. Kisha akavuta pindo za suruali yake, zikafunika vifundo.

"Ondoa mutoto, iko baridi," akasema.

Je, ni aibu tu ya mzee? Au nimemkosea tante na sasa natafuta wa kumbebesha lawama? Sijui. Sipendi ninavyomchunguza baba yangu kama mwizi. Lakini nina hasira pia, kwa sababu kama anajua, basi anamfukuza mtu ili afiche miguu yake.

Jioni nimekula chakula cha tante, sahani nzima, mbele yake. Akaniongezea bugali.

Kesho, kabla gari la kumrudisha tante halijaja, nitamwomba Papa avue soksi mbele yetu sote. Akikataa, gari la Sange litaondoka na tante, na mimi, na mjukuu wa Papa mwenyewe.