Pasaka ya Wasio na Kaburi

Mama, shikamoo. Huku Mwamgongo mvua haikatiki, na mimi moyo umekufa ganzi.

Alfajiri ya Pasaka watu walipanda makaburini, kila familia ikawasha mshumaa kwenye kaburi la mtu wake. Wifi Sesilia akashuka ufukweni na mshumaa wake, maana Kaka Yona ziwa lilimchukua na mpaka leo halijamrudisha. Nikamfuata na ule msalaba ulionipa nimsimikie kaka. Kule juu katekista akaita, "Kristo amefufuka!" Wote wakaitikia, "Amefufuka kweli!" Wifi akawa anautazama mshumaa wake, umeshazimwa na upepo.

"Itikia basi, wifi," nikamwambia.

"Wale akina mama walikuta kaburi tupu wakafurahi," akasema. "Mimi nina kaburi gani, hata liwe tupu?"

Tukarudi nyumbani kwake. Msalaba nimeuegemeza nyuma ya mlango wake. Mchana alipakua ugali na samaki wa migebuka, akatenga sahani ya kaka, akaifunika. Mpaka sasa hakuna aliyethubutu kuifunua.

Mungu akushike mkono, Mama. Kadi hii ikikufikia, usile peke yako.

Mwanao, Neema